Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Nasaba za Maua kwa Kutumia Pua Tu

Kila arusi ya Pwani ina mabingwa wake. Yupo anayejua pilau imepungukiwa na nini kabla sahani haijamfikia. Yupo anayejua babu yake bwana arusi alishuka kwenye jahazi lipi, mwaka gani, na alikuwa anadaiwa na nani. Nafasi moja tu imebaki wazi: bingwa wa nasaba za maua. Huyu ni mtu wa kunusa kikuba mara moja, akafumba macho, akatangaza mbele za watu kwamba ua hili na ua lile ni ndugu wa damu.

Kazi haina mshahara lakini ina heshima, hasa wakati wa kugawa sahani. Mimi niliifanya kwa miaka kadhaa mpaka nilipoachishwa na shangazi yangu, na hilo nitalieleza mbele. Kwa sasa pokea mwongozo, ufuate hatua kwa hatua, na wakikubana usimtaje aliyekufundisha.

Vifaa

Pua moja isiyo na mafua. Sauti inayofika uani. Methali moja ya kuzibia watu midomo. Inayofaa zaidi ni "mtoto wa nyoka ni nyoka", kwa sababu sijamwona bado aliyeipinga akashinda. Hadhira iliyoshiba. Kitabu cha botania kiache nyumbani: kitakutia wasiwasi, na bingwa mwenye wasiwasi haongezewi nyama.

Hatua ya kwanza: Anza na kikuba

Kikuba ndilo darasa jepesi, kwa kuwa maua yote yamefungwa kwa uzi mmoja. Utakuta matumba ya asumini yaliyochumwa alasiri ili yafunguke usiku, vijani vya mrehani na, ukibahatika, mlangilangi wenye petali ndefu za njano zilizojikunja kama vidole vya mzee. Nusa kwa umbali wa heshima. Utaona asumini na mlangilangi wanakaribiana: utamu mzito, kama matunda yaliyofungiwa chumbani mchana kutwa. Tangaza papo hapo: hawa ni ndugu, baba mmoja mama mmoja.

Raha ya hatua hii ni kwamba kemia itakuunga mkono. Maua yote mawili hutoa benzili asetati, molekuli yenye ule utamu wa matunda, na yote mawili hutoa linaloli, ambayo ni nyepesi na baridi kidogo puani. Ishia hapo. Usisogee mpaka kwenye vinasaba, maana huko ndiko mambo yanakoharibika. Asumini ni familia moja na mzeituni. Mlangilangi ni familia moja na mstafeli na mtopetope. Njia zao ziliachana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, dinosaria wakiwa bado wenye mji. Akitokea mjuaji akakutajia hilo, mjibu: "Nilisema ndugu. Sikusema wa karibu."

Onyo moja. Asumini ina pia indoli, na indoli ikiwa kidogo ndiyo inayoipa harufu yake ule uzito wa usiku. Ikizidi, ni sehemu ya harufu ya choo. Jambo hili ni la kweli kabisa, na halina mahali pa kusemwa arusini.

Hatua ya pili: Usiingie jikoni

Bingwa wa pua huonja, haulizi kilipikwaje. Ukiuliza, utaelezwa kwamba ua linapika harufu yake lenyewe, na wapishi ni vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake kama kwenye shughuli: huyu anamenya, yule anakaanga, wa tatu anaonja na kunung'unika. Meko makubwa ni matatu. La kwanza hupika terpini, na humo hutoka linaloli, jeranioli ya waridi na harufu za jamii ya ndimu. La pili hupika molekuli zenye pete ya benzini, kama benzili asetati, eujenoli ya karafuu na benzaldehidi inayonukia lozi. La tatu hupikia mafuta, na mvuke wake ni ile harufu ya majani mabichi yaliyofyekwa sasa hivi.

Balaa kwa bingwa ni kwamba meko haya yamo karibu katika kila nyumba. Mwaka 2006 Jette Knudsen na wenzake walichapisha orodha ya molekuli 1,719 zilizopatikana katika harufu za maua ya aina 991. Nyingi, naam, mpaka uone jinsi chache zinavyojirudia. Linaloli peke yake imo katika zaidi ya nusu ya familia zilizochunguzwa. Kuyaita maua mawili ndugu kwa sababu yote yana linaloli ni sawa na kuwaita majirani wawili ndugu kwa sababu wote leo wamekaanga kitunguu.

Na waliopata orodha hiyo hawakutegemea pua. Mtafiti huliacha ua likiwa bado kwenye mti, akalivika mfuko wa nailoni, mara nyingi ule wa kuokea kuku kwenye oveni kwa kuwa wenyewe hauna harufu. Pampu ndogo huvuta hewa ya ndani, kichujio huinasa, na mashine hutenganisha molekuli moja moja na kuzipima. Pua yako itasema neno moja tu, "asumini". Mashine itatoa makumi ya majina, kila jina na kiasi chake. Sasa unaelewa kwa nini nilikukataza jikoni.

Wahenga walisema undugu wa nazi hukutana chunguni. Nazi hii ya mnazi wa mashariki, ile ya mnazi wa magharibi. Zikishakunwa na kukamuliwa, tui ni moja. Kazi yako wewe ni kuonja tui na kuapa kwamba nazi zote ziliangushwa mnazi mmoja.

Hatua ya tatu: Maliza ubishi kwa karafuu

Karafuu ni tumba la ua lililochumwa kabla halijapata nafasi ya kufunguka. Harufu yake ni eujenoli, ile ile inayotuliza jino mtu asipokuwa na nauli ya kwenda kwa daktari. Sasa ponda jani la mdalasini: eujenoli. Ponda baadhi ya mirehani: eujenoli tena. Kwa hukumu ya pua, hapa pana ukoo mmoja uliotimia. Chora mti wa nasaba bila kusita: mkarafuu ndiye babu, mdalasini mjomba, na mrehani ni mjukuu aliyedumaa.

Tatizo ni kwamba hawa watatu ni wa familia tatu mbalimbali, na ndugu halisi wa mkarafuu wako nyuma ya nyumba na hakuna aliyewapelekea mwaliko. Wa kwanza ni mzambarau, ambao ni jenasi moja naye kabisa. Halafu wako mpera na mkaratusi, wa familia hiyo hiyo. Nani amewahi kula zambarau, ulimi ukageuka rangi, akakumbuka karafuu?

Lakini chuma jani la mpera, liinue kwenye jua, ulitazame kwa chini. Utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, kana kwamba jani limechomwachomwa kwa ncha ya sindano. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Jani la mkaratusi linavyo, la mzambarau linavyo, la mkarafuu linavyo. Familia imerithishana vifuko. Yaliyomo ndani, kila mmoja amejaza ya kwake. Jani lenyewe lirudishe chini upesi kabla hadhira haijalitazama. Lina ushahidi mwingi kuliko pua yako.

Hatua ya nne: Mtangaze mwaridi kuwa nyasi

Hapa utapata makofi. Harufu ya waridi inabebwa kwa sehemu kubwa na jeranioli. Kuna nyasi za India ziitwazo palmarosa, jenasi moja na mchaichai wetu wa kutia kwenye chai, na mafuta yake yamejaa jeranioli. Basi mwaridi na mchaichai ni binamu.

Wapo waliokutangulia katika ubingwa huu, nao waliufanyia biashara: kwa muda mrefu mafuta ya palmarosa yalichanganywa kwenye mafuta ya waridi na kuuzwa kwa bei ya waridi. Pua za wanunuzi zilikubali na pesa zikatoka.

Usitaje yaliyotokea mwaka 2015. Watafiti nchini Ufaransa waliweka pamoja mwaridi wenye harufu kali na mwenzake usio na harufu ya maana, wakatafuta tofauti. Wakakuta kwamba waridi halipiki jeranioli kwa njia iliyozoeleka katika mimea kama mrehani. Linatumia kimeng'enya cha kundi la Nudix, kundi lililojulikana zaidi kwa kazi ya usafi ndani ya seli. Yaani mfagizi wa nyumba alikabidhiwa sufuria, akatoa biriani ambayo mgeni hawezi kuitofautisha na ya mpishi. Molekuli ni ile ile, mkono mwingine. Ukiwa bingwa wa pua, hesabu sahani, usihesabu mikono.

Hatua ya tano: Wakane ndugu wanaonukia vingine

Hadi sasa tumewaunganisha wasio ndugu. Ubingwa hautimii mpaka uwatenganishe walio ndugu.

Anza na ua la California liitwalo Clarkia breweri. Linanukia vizuri jioni na kuwaita nondo. Ndugu yake wa karibu mno, Clarkia concinna, hata ukimsogeza mpaka puani hupati kitu. Wakane: mmoja ni mtoto wa kuokota. Eran Pichersky na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia ndugu hawa, na mwaka 1996 wakatoa maelezo ya jeni inayotengeneza kimeng'enya cha linaloli. Kumbe asiyenukia naye jeni anayo, ila anaitumia kidogo sana, tena mahali padogo kwenye ua. Mpishi yumo katika nyumba zote mbili. Katika moja ameamshwa, katika nyingine amelala.

Nenda kwa mmea mdogo wa Ulaya, Capsella. Aina iitwayo grandiflora inahitaji wadudu ili izae, hivyo hutoa benzaldehidi. Aina iitwayo rubella ilizoea kujichavusha yenyewe, na harufu ikapotea. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba kilichoharibika ni jeni moja, CNL1. Hasara ya maana haikuwapo. Aliyejioa mwenyewe amfukizie nani udi?

Kisha maliza kwa familia ya franjipani, ule mti wa maua meupe yenye moyo wa njano unaopandwa sana penye makaburi na hoteli. Usiku hunukia mpaka barabarani. Katika familia hiyo hiyo yumo Stapelia wa kusini mwa Afrika, ambaye ua lake linafanana na nyama na kunuka nyama, nyama ya juzi. Nzi hudanganyika hadi kutaga mayai juu yake, na mabuu yakianguliwa hayakuti cha kula. Kwa hukumu ya pua, anayesema franjipani na Stapelia ni ukoo mmoja anatafuta kesi. Vinasaba vinasema hivyo, lakini vinasaba havikualikwa.

Hatua ya sita: Usisome mwaliko umeandikiwa nani

Hii ndiyo hatua ya kujilinda. Siku bingwa atakapojiuliza ua linanukia kwa ajili ya nani, biashara yake imefungwa.

Mti hauwezi kutembea kwenda kuposa. Harufu ndiyo kadi ya mwaliko, nayo huandikwa kwa lugha ya mgeni anayetakiwa: mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayemtaka nondo hufungua usiku, hujivika nyeupe na kumwaga harufu tamu. Okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, huficha nekta yake kwenye kirija cha karibu sentimita 30. Charles Darwin alipoiona alisema mwaka 1862 kwamba lazima yupo nondo mwenye ulimi wa kufika huko. Nondo huyo alipewa jina lake kitaalamu mwaka 1903, Darwin akiwa ameshakufa.

Anayemtaka nzi huandika kwa lugha ya nzi. Ndiyo maana Stapelia wa Afrika na lile ua kubwa la Sumatra, Amorphophallus titanum, ambayo hayana undugu wowote wa maana, yote mawili hutoa molekuli za salfa za mzoga. Hawakurithi kwa babu mmoja. Wamemwandikia mgeni mmoja.

Na wapo matapeli. Okidi za jenasi Ophrys za nchi za Mediterania hutoa harufu ya nyuki jike. Nyuki dume hufika mbio akidhani amepata mchumba, huondoka na chavua na aibu. Franjipani naye, pamoja na uzuri wote huo, hana nekta. Nondo huzunguka ua kwa ua usiku kucha akitafuta chakula kilichotajwa kwenye kadi.

Sasa umeona hatari. Maua mawili yakinukia sawa, huenda yamemwalika mgeni mmoja tu. Mtu akisimama hapo arusini akakuambia hivyo, jifanye umeitwa nje.

Hatua ya saba: Ukifika kwenye kilua, nyamaza

Mimi sikunyamaza, ndiyo maana leo naandika badala ya kunusa.

Ilikuwa jioni, siku ya kuamkia arusi. Shangazi yangu alikuwa amekaa mkekani, sinia la asumini mbele yake, uzi ameushika kwa vidole viwili vya mguu ili usilegee. Kila tumba aliligeuza mara moja, akalitoboa kwenye kikonyo, akalisukuma chini likutane na wenzake. Pembeni alikuwa na kitambaa chenye unyevu, na ndani yake vilua vichache ambavyo hakumruhusu mtu kuvigusa.

"Shikamoo shangazi. Hivi wajua kilua na mlangilangi ni ndugu, toka nitoke?"

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Pua yangu."

"Pua yako jana ilikwambia wali haujaungua."

Niliona nimedharauliwa, nikaenda kutafuta ushahidi wa kumwonyesha. Nikaupata, na ndio ulioniangusha.

Mkilua ni mmea wa pwani ya Kenya na Tanzania. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Nairobi na baadaye Kew, Uingereza, aliuandika rasmi kuwa jenasi ya peke yake, na jina la jenasi akalichukua mdomoni mwetu kama lilivyo: Mkilua. Jina kamili ni Mkilua fragrans, na katika jenasi hiyo hakuna mwingine.

Nilifurahi kukuta kwamba ni kweli, mkilua na mlangilangi ni familia moja. Niliposoma aya iliyofuata, furaha iliisha. Familia hiyo ina matawi makubwa, na mlangilangi umekaa tawi lake, mkilua tawi jingine. Tawi hilo la mkilua ndilo lenye mstafeli. Yaani lile ua la kutiwa kwenye nywele liko karibu zaidi na stafeli la kutia kwenye blenda kuliko na mlangilangi linaofungwa nao uzi mmoja.

Kuna la zaidi. Ndani ya tawi hilo, kundi dogo la mkilua lina jenasi chache tu, na nyingine zote ziko Amerika. Mmoja wa jamaa hao wa ng'ambo ni Cymbopetalum penduliflorum wa Meksiko na Guatemala. Petali zake nene, zenye umbo la sikio, zilikaushwa na Waazteki na kutiwa kwenye kinywaji chao cha chokoleti. Kwa hiyo ndugu wa karibu wa kilua hawamo kwenye sinia la shangazi. Wako ng'ambo ya Atlantiki, ndani ya kikombe.

Nilimweleza yote hayo. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kutunga.

"Mwanangu," akasema, "kwani mimi nimeyafunga pamoja kwa sababu ni ndugu? Nimeyafunga kwa sababu yanapatana. Asumini ikichoka saa nane za usiku, kilua kinashika zamu. Ningetaka ndugu, ningetia stafeli."

Siku hiyo hiyo niliacha kazi ya ubingwa.

Kwa anayetaka kuendelea hata hivyo

Usidhani pua haina faida. Ndugu wa karibu sana mara nyingine hunukia sawa, kwa kuwa wamerithi meko yale yale. Lakini ukitaka nasaba, tazama vifuko kwenye jani, tazama mpangilio wa petali, kisha uulize vinasaba. Pua ikuambie aliyealikwa, isikuambie aliyezaa.

Na ukitoka hapo, tafuta mche wa mkilua uupande karibu na dirisha. Ni jenasi nzima yenye mti wa aina moja, inaota pwani yetu tu, na imeandikwa kwenye vitabu vya dunia kwa jina la Kiswahili. Jirani akikuuliza ni ndugu wa nani, mkaribishe juisi ya stafeli.